Jumamosi za Kutafuta Uzi

Atuganile alipohamia Sinza kwa mwanawe Daniel, alikuja na begi la nguo na kiroba cha nyuzi, na kiroba ndicho kilichowatoa jasho waliompokea. Huko Tukuyu alikotoka, mvua hunyesha kama imeajiriwa, na sweta si pambo. Maisha yake yote alikuwa amefuma: masweta ya shule, kofia za wazee, mashali ya wazazi waliotoka kujifungua. Mumewe alipofariki, watoto walikaa kikao wakaona mama asibaki peke yake kwenye nyumba ya mteremkoni na goti lake bovu. Hakubishana nao. Alifunga mlango, akampa jirani kuku, akapanda basi.

Dar es Salaam ilimpokea kwa joto. Akikaa barazani na sindano zake, majirani walimtania. "Mama Daniel, sie huku hata shuka tunalipiga teke usiku, wewe sweta unamfumia nani?" Alicheka nao, akaendelea. Mikono ilikuwa imezoea. Ikikaa bure alijiona mgonjwa.

Kilichomkosesha raha hakikuwa joto. Kilikuwa ni mkwewe, Clara. Si kwamba Clara alikuwa na ubaya. Asubuhi alipiga magoti kidogo, "Shikamoo mama," akaitikiwa "Marahaba mwanangu," akaweka chai mezani, akaenda kazini kwake bandarini alikokuwa karani wa wakala wa mizigo. Jioni alirudi, akapika, akauliza kama goti limetulia, kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Daniel alikuwa mpimaji wa barabara, siku nyingi yuko mikoani. Kwa hiyo wanawake hawa wawili waliishi kama wapangaji wenye adabu.

Clara alitoka Masasi, na Atuganile alijiambia labda ndivyo walivyo watu wa kule, wapole wa maneno. Siku nyingine alijiambia kwamba hapendwi. Akafanya alichoweza: alianza kufuma shali jeupe, dogo, lenye ukingo wa mawimbi, la mtoto mchanga. Hakusema kitu. Alikuwa akiliacha kwenye kochi la sebuleni, akitumaini kwamba mkwewe ataliona, atatabasamu, na maneno yatapata pa kuanzia. Clara alilizunguka lile kochi kama mtu anayezunguka dimbwi.

Kisha nyuzi zikaisha.

"Jumamosi siendi kazini," Clara alisema alipomwona mama akipekua kiroba kitupu. "Nitakupeleka tukatafute."

Ndivyo safari zilivyoanza. Ya kwanza ilikuwa Kinondoni, duka lenye zipu, vifungo, lesi na maua ya kitambaa ya maharusi, na nyuzi za kufumia zimesukumwa juu kabisa karibu na dari. Dada mwenye duka alipanda kigoda, akashusha madonge meupe, akayapangusa vumbi. "Ya mjukuu hii, eeh? Hongera, bibi." Halafu akamtazama Clara tumboni, akatabasamu. "Na wewe hongera, mama kijacho."

Clara alisema anakwenda kuangalia gari kama halijaziba njia. Hakurudi. Atuganile alimkuta ameshika usukani, macho mbele, injini imezimwa. Clara aliwasha gari, wakarudi nyumbani. "Ana maringo," Atuganile aliwaza. "Hata kupongezwa hataki." Lakini wazo hilo halikumkaa vizuri rohoni, maana njiani aliona jinsi yule binti alivyoikosa gia mara mbili.

Hata hivyo Jumamosi iliyofuata ni Clara mwenyewe aliyeuliza, "Mama, leo twende wapi?" Wakaenda Mwananyamala. Wakaenda Magomeni. Huko Magomeni muuzaji mmoja mwenye ulimi wa asali aliwatolea donge la kijani akaapa kwamba ni sufu halisi ya Uturuki. "Siwezi kukudanganya, mama yangu, wewe ni kama mzazi wangu." Atuganile alilipitisha donge shavuni, akavuta kipande kidogo cha uzi, akaomba kiberiti. Sufu ya kweli ikichomwa hunuka kama nywele zilizoungua na kubaki jivu. Ule uzi uliyeyuka kama mfuko wa plastiki, ukaacha kitone cheusi kigumu kama shanga.

Muuzaji alikitazama kile kitone. "Basi Waturuki siku hizi wamebadilika," alisema.

Clara aliangua kicheko. Alicheka mpaka akashika kaunta, na muuzaji naye akacheka, na Atuganile akasimama pale akimtazama mkwewe kama mtu aliyesikia sauti yake kwa mara ya kwanza. Walilinunua lile donge hata hivyo, kwa ajili ya rangi yake. Kwenye foleni ya kurudi, Clara alikuwa bado anajisemea, "Wamebadilika," na kutikisa kichwa.

Tangu hapo garini pakawa na maongezi. Si mengi, lakini yalikuwepo. Clara alisimulia jinsi mjomba wake Sebastian, mchonga vinyago wa Mwenge, alivyomlea baada ya baba yake kuondoka. Atuganile alisimulia jinsi alivyofundishwa kufuma na mama yake kwa vijiti vya mianzi, na jinsi alivyochapwa kila alipoponyokwa na kitanzi cha uzi. Walijifunza maduka kama watu wanavyojifunza visima: lipi lina rangi, lipi lina ubora, lipi mwenyewe hufungua anapojisikia.

Mtu mmoja aliwaambia habari za Mtoni. Huko, ndani kidogo kutoka Barabara ya Kilwa, kulikuwa na mama anaitwa Mwanabaraka, aliyegeuza chumba cha mbele cha nyumba yake kuwa duka la nyuzi. Kutoka Sinza ni kukata jiji zima, lakini Clara alijaza mafuta, akanunua maji na karanga, wakaondoka mapema.

Lilikuwa duka kweli. Nyuzi zilipanda ukutani kutoka sakafuni, zimepangwa kwa rangi, na kwenye mkeka barazani walikaa wanawake wanafuma huku wakizungumza, wengine kofia, wengine vitambaa vya makochi. Mwanabaraka, mama wa makamo mwenye asili ya Lindi na mikono isiyotulia, aliwakaribisha kwa kahawa na kashata. Atuganile aliingia kwenye zile rafu akasahau goti.

Mwanabaraka alikuwa mkarimu, na ukarimu wake ndio uliovunja kitu. Alichukua soksi za mtoto mchanga alizomaliza asubuhi ile, ndogo mno, za manjano, akaziweka kwenye kiganja cha Clara. "Hebu shika, mwanangu, uone zilivyo laini. Utafurahi zikipata mwenyewe."

Clara alizishika. Alizitazama. Kisha akazirudisha taratibu sana, kama anaogopa kuziamsha, akatoka nje.

Safari hii Atuganile hakubaki dukani. Alimfuata mpaka garini, akaingia, akafunga mlango. Joto lilikuwa limejaa humo ndani kama kwenye chungu. Alikuwa ameishi miaka mingi na nyumba za misiba, alijua kwamba kuna kimya ambacho mtu hatakiwi kukivunja kwa niaba ya mwenzake.

"Daniel hakukwambia," Clara alisema mwishowe.

"Hakuniambia nini, mwanangu?"

"Tulimpoteza mtoto. Wakati ule baba anaumwa sana, wewe upo naye hospitali Mbeya. Daniel akasema mama ana mzigo wa kumtosha, tusimwongezee. Halafu baba akafariki. Halafu ikawa haisemeki tena." Alifuta uso kwa kiganja. "Mimba ilikuwa imeshakuwa kubwa, mama. Niliandaa kila kitu. Alizaliwa ametulia tu. Alikuwa wa kike. Daniel akasema aitwe Sekela."

Atuganile alifumba macho. Sekela lilikuwa jina la mama yake mzazi. Yule wa vijiti vya mianzi. Kwa lugha ya kwao ni kama kusema, furahi.

Maneno ya kawaida yalimjia mdomoni yote kwa pamoja: kazi ya Mungu haina makosa, mtapata mwingine, bado ni vijana. Aliyajua, maana amewahi kuyasema kwenye nyumba za watu. Aliyameza. Akauliza, "Alifanana na nani?"

Clara aligeuka akamtazama. Ilikuwa kama hakusikia vizuri.

"Hakuna mtu amewahi kuniuliza hilo," alisema. Kisha, polepole, akaanza kueleza. Paji la uso la Daniel, lile pana. Vidole virefu. Nywele nyingi, nyeusi, zimelala upande mmoja. Nesi alimruhusu ambebe. Alieleza, na kadiri alivyoeleza, sauti yake ilinyooka, mpaka kuna mahali akatabasamu kwa kukumbuka sikio moja lililokuwa limejikunja kama jani. Atuganile alilia bila kujificha. Alikuwa anamlilia mjukuu na kumfahamu kwa wakati mmoja.

"Na mie nikakuwekea shali kwenye kochi," alisema. "Kila siku. Nisamehe, mwanangu. Leo nikifika nalifumua."

"Usilifumue." Clara alimshika mkono. "Limalizie. Ni la kwake. Nitalitunza."

Walikaa. Mtu aliyeuza mihogo alipita na toroli, akawatazama, akapita. Halafu Clara alivuta pumzi ndefu, akasema jambo ambalo Atuganile hakulitarajia. "Nataka unifundishe. Lakini si vitu vidogo. Kitu kikubwa cha mtu mzima."

Wakarudi ndani. Mwanabaraka alikuwa ameshaziondoa soksi za manjano, na uso wake ulionyesha kwamba ameelewa bila kuambiwa. Alimsogelea Clara, akamshika begani, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mwanangu. Na mie niliwahi kumzika wangu." Clara akachagua uzi mwenyewe: rangi ya matofali yaliyoiva vizuri, nyekundu yenye udongo ndani yake.

Kujifunza hakukuwa rahisi. Mkono wa Clara ulikuwa mkali. Alikaza uzi mpaka sindano ikagoma kupita, na kipande chake cha kwanza kilisimama mezani chenyewe kama kadi. "Legeza," Atuganile alimwambia. "Uzi si mwizi, hautakimbia." Waliketi barazani jioni baada ya jioni, na mlango wa chumba ukasahau kufungwa mapema. Jumamosi moja walikwenda Mwenge, na mjomba Sebastian, alipoona sindano ya chuma imemchubua mpwa wake kidole, akaokota kipande cha mpingo kilichobaki kwenye kinyago, akakichonga sindano ya kufumia, akaipiga msasa mpaka ikang'aa. Alimtazama Atuganile kwa heshima ya fundi kwa fundi. "Mama, hii ikimzidi mkono, irudishe niipunguze unene."

Daniel aliporudi kutoka kazini Singida alikuta mambo yamebadilika. Mkewe na mamaye walikuwa wanabishana kwa raha kuhusu kola ya sweta ambalo Clara alikuwa akilifuma. Alisimama mlangoni na begi lake, hajui aingie vipi. Mama yake alimpisha kwenye kochi, akamwambia kwa Kinyakyusa kwamba anajua kuhusu binti yake, na kwamba asiwe na wasiwasi, hatamsema. Daniel aliketi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, lakini aliinamisha kichwa kwenye bega la mamaye, na Clara akaja akakaa upande wa pili. "Ndaga, mama," Daniel alisema baadaye. Asante.

Jumamosi za Mtoni zikawa desturi. Atuganile akapata nafasi yake kwenye ule mkeka wa barazani. Aliwafundisha wenzake ukingo wa mawimbi, nao wakamfundisha kula pweza, jambo ambalo lilichukua muda mrefu zaidi. Aliacha kuuliza lini atarudi Tukuyu kukaa. Mtu wa kwao alipompigia simu kumwuliza kama Dar amezoea, alijibu kwamba joto bado hajalizoea, lakini watu ameshawazoea.

Desemba walikwenda Tukuyu kusalimia, kwa gari, Clara kwenye usukani na Atuganile kando yake. Daniel alipelekwa kiti cha nyuma. Safari ambayo wengine huimaliza kwa siku moja wao waliigawa, kwa sababu kila mji uliokuwa na duka la nyuzi ulikuwa na haki ya kukaguliwa. Morogoro walipata pamba nzuri. Iringa, kwenye baridi, walipata sufu yenye harufu ya kondoo, na Atuganile hakuomba hata kiberiti.

Makambako mvua iliwakuta. Mwenye duka alikuwa na uzi wa bluu ambao haujaviringwa, umekunjwa pete ndefu, akasema hana mtu wa kumsaidia kuuviringa. Clara alimtazama mumewe. Daniel, ambaye alikuwa akiulizia chakula tangu Mafinga, alitoka garini, akasimama barazani, akanyoosha mikono yake miwili mbele kama alivyoelekezwa. Mama yake akamvisha ule uzi viganjani.

"Usiishushe," Atuganile alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mkeo amalize."

Clara alishika ncha, akaanza kuviringa, akicheka, na mikono ya Daniel ikawa inainama kulia na kushoto kuufuata uzi. Huko nje matone yalipiga bati. Atuganile akavuta kigoda, akakaa akawatazama, kisha akamwambia mwenye duka aonyeshe na ule wa kahawia uliokuwa rafu ya juu.