Kanga wa Kipaimara Changu

Baba yangu, Tumainieli, alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa, bondeni chini ya Gonja. Mwaka wa sabini na sita alimpeleka mjomba wangu Gideoni gerezani, nami nilimsaidia kufanya hivyo.

Msimu ule kanga walituchezea vibaya. Tulipanda mahindi ya kijiji mara mbili, nao wakafukua mbegu mara mbili, bila haya. Sheria ilikataza kuua ndege wa porini bila leseni, isipokuwa wanaoharibu mazao, tena kwa kibali. Baba akakifuata Same.

Mtegaji alikuwa mjomba. Vitanzi vyake vya katani vilijulikana kijiji kizima kwa fundo lake. Kusoma hakujua, basi akaniita mimi wa darasa la saba nimsomee kibali kile palepale shambani: kanga thelathini, ndani ya shamba la kijiji tu, na kila anayenaswa akabidhiwe kwa bwana nyama, ofisa wa wanyamapori. Alinirudisha mwanzo mara tatu, akamrudishia baba kibali chake, ndipo akaanza kutega.

Alinasa kumi na wanane, akampelekea baba wote awakabidhi. Jumapili iliyofuata nilipata kipaimara, na pilau ikapikwa kwa kanga. Wageni walisifu sana. Mimi nilipewa paja. Mjomba aliisogeza sahani yake pembeni.

"Shemeji, hawa si wa serikali?"

"Kula, bwana! Hayo mengine niachie mimi."

Wiki mbili baadaye bwana nyama alikuja, akakuta vitanzi shambani. Akauliza ndege wako wapi. Baba alijibu mbele ya watu wote, macho makavu:

"Kibali kimo kabatini, hakijatumika hata siku moja. Huyu ametega kwa siri, kwa tumbo lake."

Mjomba alimtazama kama anayemwona mgeni. Kisha akanigeukia. "Rogathe alinisomea kibali. Muulizeni yeye."

Watu waliokula pilau ile walikuwa wamesimama pale pale, kila mmoja akichunguza vidole vya miguu yake. Baba alinikazia macho. Niliogopa, na sina neno zuri zaidi la kujitetea.

"Sikumbuki," nikasema.

Mjomba alifungwa miezi sita. Mama, dada yake wa tumbo moja, aliendelea kumwandalia baba chakula, ila hakuketi naye tena.

Mjomba aliporudi nilimkuta kibarazani kwake, amekonda, ameshika karatasi yake ya kuachiwa. Nilitamani sana kumfanyia jambo lolote jema.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Lete nikusomee."

Akaikunja taratibu, akaitia mfukoni.

"Acha tu, mwanangu. Kisomo nimekipata huko huko gerezani. Nikisoma mwenyewe, nakumbuka."