Fundi Asikilizaye Akiwa Ndani ya Buti

Fundi wetu wa hapa Sepuka, mjukuu wa mhunzi wa majembe, aliyefufua trekta la misheni na mashine ya kukamua alizeti iliyokuwa imeshageuzwa kiota cha kuku, hasikilizi gari akiwa nje. Hujikunja ndani ya buti, shavu juu ya tairi la akiba, kisha hutaka afungiwe. Andrea aliona aibu kumbeba hivyo, lakini gari lake kuukuu lilikuwa likivuma nyuma, na kesho yake lilitakiwa kumleta bibi harusi wake.

"Likivuma ukikanyaga mafuta tu, ni difu, na mkeo atakuja kwa bodaboda," fundi alimwambia. "Likivuma hata ukiachia, ni beringi, nabadilisha leo leo. Wewe kimbiza tu!"

Akimbize vipi? Kila aliposhika mwendo alitokea mzee, na Andrea, mtoto aliyelelewa akaleleka, alisimama kuamkia. Walipofika kwa Bibi Rebeka alisema shikamoo, na buti nalo likasema shikamoo.

"Marahaba, wanangu," bibi akajibu, akilizunguka gari. "Na huyu uliyemfungia, amekukosea nini?"

Akafungua. Fundi akatoka taratibu, akajifuta vumbi usoni kwa kiganja chenye grisi, akapata masharubu mapya. Kwa sauti yake ile ya chini, kama anayeongea kanisani, akasema:

"Bibi, barabara hii hakuna aliyekuzidi umri. Tangulia, uwaambie wazee wote waingie ndani na kufunga milango mpaka tupite."