Kona Isiyo na Ajali

Nilikuwa nageuza furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye mafuta walipofika wale watu wa barabara. Gari lao lilipaki pale kwenye kona, hatua chache kutoka kibanda changu, upande wetu wa Guta. Wakashuka watatu na vizibao vya njano vinavyong'aa, mmoja anasukuma kigurudumu cha kupimia chenye mpini mrefu. Wiki nzima redio ilikuwa inasema serikali imetoa hela za kurekebisha sehemu zenye ajali nyingi: matuta, vibao, zebra, na zile rasta zinazotikisa gari mpaka dereva aliyesinzia aamke. Nikajisemea, jamani, leo wametukumbuka.

Nikaepua karai, nikawafuata huku najifuta mikono kwenye kanga.

"Karibuni wanangu. Tuta mtaliweka hapa au kule juu?"

Mkubwa wao, kijana mpole kabisa, akanisalimia kwanza. "Shikamoo mama. Hapa tunapita tu. Tunaenda mbele."

"Mbele wapi tena? Kona si ndiyo hii?"

Akafungua karatasi zake. "Mama, hela zinafuata orodha, na orodha inatoka kwenye ajali zilizoandikishwa polisi. Hapa hapajaandikwa hata kifo kimoja."

"Mwanangu alifia hapo ulipokanyaga."

Akaondoa mguu. Kweli, aliuondoa haraka, akanipa pole, na nikaona imemwingia. Halafu akaniuliza kama nina karatasi yoyote ya polisi. Nikamwambia nitaitafuta. Uongo mtupu. Nilijua haipo, na nilijua kwa nini haipo.

Binti yangu alikuwa darasa la tano. Siku hiyo alikuwa anatoka mashineni kusaga, unga kichwani. Lori la pamba likaikata kona likiwa upande usio wake. Nilipofika, unga ulikuwa umemwagika kukatisha lami, mstari mrefu mweupe. Hiyo ndiyo zebra pekee tuliyowahi kupata hapa.

Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno lilikuwa la shemeji yangu, mdogo wake marehemu, pamoja na wazee wa ukoo. Sisi huku mambo ya damu tunayamalizaga nyumbani. Polisi watatusaidia nini, wakasema wazee. Watamfunga dereva, watampasua mtoto hospitali, na sisi tutabaki mikono mitupu. Ndugu za dereva wakaja siku ileile, wapole, wameinamisha vichwa, wakaahidi ng'ombe. Likabaki jambo moja, kibali cha kuzika. Ukisema gari, lazima polisi waje. Basi shemeji akaamua iandikwe homa. Nikaletewa karatasi. Mimi kusoma najua. Nilisoma "homa ya ghafla", nikasaini.

Hakuna aliyenishikia fimbo. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia habari hii huwa wanataka kuwalaumu wazee peke yao. Nilikuwa nimechoka, nilitaka mwanangu azikwe, na wanaume walikuwa wamekaa uani wananisubiri. Lakini mkono ulikuwa wangu.

Ng'ombe wakaja. Hata wiki hawakumaliza kwa shemeji, wakapelekwa Buswahili kwa wakwe zake, wakawa mahari. Mke akaletwa, mtu mwenye heshima zake, sina neno naye. Wakapata mtoto wa kike, wakampa jina la binti yangu kama desturi ilivyo. Kila mtu akaona tumemaliza vizuri. Funika kombe mwanaharamu apite! Na si sisi tu. Yule mzee wa baiskeli, yule dada aliyekuwa mjamzito, wote waligongwa hapohapo, na wamelala makaburini na homa zao na presha zao. Kona yetu inaua kwa magonjwa.

Basi walipoondoka wale vijana nilifunga kibanda, nikaenda kwa shemeji. Nilimkuta anatengeneza zizi.

"Shemeji, twende polisi tukaseme ukweli. Tukiandikwa, labda kona itaingia kwenye orodha."

Akanitazama kama niliyelewa. "Shemeji, una wazimu? Tukienda polisi, dereva atakamatwa, na ndugu zake watadai ng'ombe wao. Ng'ombe wako Buswahili. Unataka nimrudishe mke wangu kwao?"

Mke wake alikuwa pale pale anachambua mboga. Hakuinua kichwa, lakini mikono yake ilisimama. Niliona aibu mimi, nasema kweli, niliona aibu kana kwamba nimekuja kuvunja nyumba ya mtu.

"Yaliyopita si ndwele," shemeji akasema, akarudi kwenye miti yake.

Nikaenda polisi Bunda peke yangu. Askari aliyenisikiliza alikuwa mtu mzima, akanipa na kiti. Akauliza namba ya lori. Sina. Jina la dereva. Wanalo wazee. Fomu ya hospitali. Hatukwenda hospitali. Una nini basi, mama? Nikatoa kibali cha mazishi, nilikuwa nakitunza ndani ya Biblia. Akasoma polepole.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

Akanirudishia karatasi. Hakunifokea. Laiti angenifokea, ningepata pa kuiweka hasira yangu. Nilirudi nayo nyumbani yote.

Matuta yakajengwa mbele, huko wanakoandikisha watu wao. Nikienda Musoma, kwa dada yangu anayekaa mtaa wa Mwisenge, gari linapunguza mwendo, linapanda, linashuka taratibu, na watoto wa shule wanavuka kwenye mistari mipya huku wanacheka. Mara ya kwanza nililia mpaka jirani yangu kwenye siti akaniuliza nimefiwa na nani. Ningemwambia nini? Nani analilia tuta?

Mwaka huu mtoto wa shemeji ameanza darasa la kwanza. Shule iko ng'ambo. Baba yake alikuja kibandani, macho yake kwenye karai la samaki.

"Shemeji, kwa kuwa uko hapa barabarani, uwe unamvusha."

Na namvusha. Kila asubuhi tunasimama pale ukingoni, mimi namshika kifundo cha mkono, siyo kiganja, maana kiganja kinaweza kuponyoka. Anaitika jina la mwanangu nikimwita. Kuna siku naliita bila sababu yoyote.

Juzi akalalamika. "Mama mkubwa, unaniumiza."

"Vumilia. Lile lipite kwanza."

Lori likashuka, likaikata kona vilevile kama siku zote, upepo wake ukatupeperushia nguo. Mtoto hakushtuka hata kidogo. Alikuwa na lake.

"Mama mkubwa, yule dada niliyepewa jina lake, baba anasema alikufa kwa homa. Ni kweli?"

Nilitazama lami, pale unga ulipomwagikia. Nikamwona mama yake na ile mikono iliyosimama kwenye mboga. Mtoto alikuwa ameinua uso, ananingoja mimi nimjibu.

"Ni kweli," nikamwambia. "Homa ya ghafla."

Tukavuka.