Uji wa Buluu

Zamani za Mwingereza, misheni moja kule Masasi ilikuwa ikichukua wasichana yatima na kuwafundisha kufua na kupiga pasi. Majina ya wenzangu wote ninayo kichwani mpaka leo, na ya baba zao pia, lakini siyaandiki, maana wajukuu zao wapo na wengine wana maneno.

Mimi nilitoka Makote, huku juu Newala ambako maji ni ya shida. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kutazamwa: asiyefaa anarudishwa kwao. Sikutaka kurudishwa. Nikipata kazi ya mshahara, bibi yangu aliyenilea angenunua maji ya debe, aache kuteremka bondeni kila alfajiri na uzee wake ule. Hilo tu ndilo nililokuwa nikiliwaza.

Kufua nilikuweza. Kilichonishinda ni kumwaga maji. Mwalimu wetu, mke wa katekista, alitaka shuka zisuuzwe mara tatu, maji ya mwisho yatiwe buluu ya kung'arisha nguo nyeupe, kisha yote yamwagwe mtaroni. Wenzangu wa Masasi walimwaga huku wakipiga soga. Mimi mkono uliniganda. Kwetu maji ya kunawia uso yanaogesha mtoto, yakitoka hapo yanakwenda kwa kuku. Basi nikawa nayaweka. Yale ya buluu, kwa kuwa hayakuwa na povu, niliyamimina katika mtungi mtupu uliokuwa kivulini karibu na jiko, nikaufunika vizuri.

Mpishi wetu alikuwa mama wa Kiyao, kwa hiyo mtani wangu mimi Mmakonde, na mtu wa haraka sana. Kesho yake kabla hakujapambazuka alichota kwenye mtungi ule akapika uji wa muhogo. Tulipokaa kula, jua limetoka, kila mtu akawa anatazama bakuli lake. Uji ulikuwa na rangi ya shati la tarishi.

Mpishi akaapa kwamba jiko lake limerogwa. Mwalimu akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akauliza nani katia buluu mtungini. Nikasimama, nikasema ni mimi, nikaeleza na sababu. Moyoni nilikwisha kufunga mzigo wangu wa kurudi Makote.

"Mmakonde wewe," mpishi akasema, "hata maji ya kufulia unayawekea akiba? Ukifa tutakuzika na povu lako."

Kicheko kilianzia kwake, kikamfika mwalimu, naye hakuwa mtu wa kucheka. Alipojifuta macho akaniambia, "Utabaki, binti. Lakini maji yako yakae bustanini, mbali na jiko."

Siku hiyo tulikula mihogo ya kuchemsha. Tangu hapo matuta ya mchicha yakawa yangu, na mtani wangu hakuchota tena bila kuinama kunusa.

Mafunzo yalipokwisha, hospitali ndogo ya Newala ikaja kutafuta mfuaji. Wenzangu waliposikia Newala walitazama chini. Mmoja alinong'ona kwamba ni heri aolewe. Mwalimu akanisukuma mbele. "Mchukueni huyu," akasema. "Hamwagi."

Mshahara wa kwanza niliupeleka Makote. Mchuuzi wa maji alipofika na madebe, bibi yangu aliwaita majirani waje waone, akaketi kwenye kigoda mlangoni, akawa anamsimamia yule bwana kama karani, asimwage hata tone.