Magongo Bapa Pande Zote Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya shule moja karibu na Itumbe, Mwalimu Mkuu alinikabidhi gongo la hoki aliloazima mjini. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru.

"Fundi, nichongee kumi na moja kama hili. Muhula ukiisha, vijana wetu watacheza na vijana wa mjini. Wakicheza, uwanja ni wao. Wasipocheza, mimi napanda chai."

Sikuwa nimewahi kuona gongo la hoki. Upande mmoja ulikuwa bapa, wa pili mviringo. Nikacheka moyoni: aliyelichonga alichoka akaiacha kazi nusu. Mimi nilifunzwa kwamba mbao hupigwa randa pande zote. Basi nikakata mipera, nikazipinda ncha kwa mvuke, nikayalainisha magongo yakawa bapa pande zote mbili. Nilijivuna, siwafichi.

Kitabu cha sheria hakuna aliyekuwa nacho. Vijana walifanya mazoezi muhula mzima, wakipiga mpira kwa upande wowote uliowajia. Nahodha wao, Mokaya, alilala na gongo lake kitandani.

Mechi ilikuwa Jumapili, kwa maana nusu ya timu walikuwa Wasabato. Tulifika mjini kwa miguu. Refa akayakagua magongo yetu, akatikisa kichwa.

"Mpira hupigwa kwa upande bapa tu. Mgongo wa gongo uwe mviringo. Haya siyaruhusu."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikamwomba refa saa moja, kisha nikatoa tupa na randa mkobani. Jiliwa ya kubania mbao sikuwa nayo, kwa hiyo vijana wa mjini wakaja kunishikia magongo, wawili wawili, huku wakitutania.

Nilikwaruza mbio mbio. Mokaya akachuchumaa kando yangu. "Fundi, pole pole. Tutakungoja."

Nilimaliza kumi. La kumi na moja, lake Mokaya, muda uliniishia, akaazimwa gongo na wenyeji. Tulifungwa sita bila, filimbi ikilia kila vijana wetu walipojisahau wakapigia mgongo. Lakini walicheza, na uwanja ukabaki.

Ulibaki miaka miwili tu. Mwalimu Mkuu alihamishwa, aliyekuja akapanda chai hadi golini, na timu ikaishia hapo. Mimi niliendelea na madawati na milango hadi nilipostaafu.

Siku ya kuniaga, Mokaya alikuja, mvi kichwani, na lile gongo lake mkononi. Nilifurahi hata machozi yakanitoka. Nikavuta randa.

"Lete nilimalizie, nina deni lako."

Akalificha nyuma yake kama mtoto.

"Usiliguse, Fundi. Hili ndilo nililojifunzia."