Nilivyoifuata Krenki ya Kaka Yangu Hadi Namuwongo

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya wivu, wala sioni haya kusema. Mimi ni fundi wa kusaga krenki, ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni tumboni mwa injini. Kaka yangu Deo ana mabasi, na krenki zake zote nasaga mimi. Hazikatiki. Wateja wengine wakinirudia kulalamika kwamba zao zimekwisha upesi, nilikuwa nawajibu: mbona za kaka yangu zinadumu? Tazameni mafuta mnayoweka. Sasa dereva wake mmoja akaropoka kwamba krenki niliyomkabidhi Deo juzi imepakiwa kwenye gari la Kampala, inakwenda kwa fundi anayeitwa Rajab, kama kawaida. Kama kawaida! Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Sikumuuliza Deo neno. Nilifunga karakana nikaifuata.

Mutukula, mpakani, foleni ilikuwa fupi lakini mimi niliiona ndefu. Mama niliyekaa naye kiti kimoja aliniuliza kama naenda msibani, maana uso wangu ulikuwa umekunjamana. Nikamwambia naenda Kampala kumwona mtu anayechukua changu. Akaguna kwa huruma, akadhani ni mambo ya mume. Sikumsahihisha, maumivu ni yale yale.

Masaka tulishuka kula. Hata matoke yao yalinikera, laini na ya njano kuliko yetu. Mhaya kusifia ndizi za jirani ni kazi ngumu. Nilikula nimenuna, nikamaliza sahani.

Nateete, mlangoni mwa Kampala, tuliingia jioni, na binamu yangu Asteria akanichukua hadi kwake Lubaga. Nilipomtajia Rajab alisema mashemeji zake wenye malori hawaendi kwingine. Nilimwomba tuzungumze habari nyingine.

Kesho yake asubuhi nilifika Namuwongo, mtaa alionielekeza. Njia nzima niliomba karakana ya Rajab iwe kibanda cha mabati. Haikuwa. Sakafu ilikuwa safi kuliko jiko langu, na katikati lilisimama tanuri refu la chuma. Harufu kali ya amonia ilinitoa machozi kabla sijasalimu. Rajab ni Mnubi wa makamo, mwenye kofia nyeupe na sauti ya taratibu. Nilipotaja jina langu, Kokushubila, fundi wa Bukoba, alinitazama kwa furaha.

"Wewe ndiyo KS? Siku nyingi mimi nasoma wewe kwa chuma. Leo naona wewe kwa macho."

Sisi wasagaji hugonga herufi zetu kwenye krenki tukimaliza kazi. Aliniongoza hadi kwenye meza, na krenki ya Deo ilikuwa pale, na KS yangu juu yake. Nilimuuliza kwa ukali ananirekebisha nini. Akasema yeye hasagi kitu. Alinipa tupa, akaniambia nipitishe kidogo tu pembeni mwa shingo, ile sehemu ya mviringo niliyoisaga. Tupa ikang'ata, ikaacha mchubuko. Kisha akanipeleka kwenye krenki nyingine iliyotoka tanurini. Pale tupa iliteleza tu, haikuacha alama hata nilipokandamiza. Nilikandamiza sana, Mungu anisamehe.

Akanieleza, akiniita nyabo, yaani bibi, kwamba krenki za aina hii hutoka kiwandani zikiwa na ngozi nyembamba ngumu, na sisi tukisaga tunaivua. Yeye huzifungia tanurini na gesi ya amonia mpaka chuma kioteshe ngozi mpya.

"Kusaga ya wewe ni safi sana, nyabo. Lakini ngozi inakuwa imetoka."

Nilimuuliza amewahi kufanya ngapi za Deo.

"Zote."

Nilikaa juu ya kasha. Basi uimara ule wote niliojivunia ulikuwa na mwenyewe, naye si mimi. Na wale niliowasingizia mafuta mabovu, krenki zao zilitoka kwangu uchi. Nilimwonea wivu Rajab tanuri lake, nikamwonea wivu utulivu wake, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwahi kugonga alama yake karibu na yangu. Angejisifu kidogo ningepata pa kumchukia.

Nilingoja krenki iingie, itoke ikiwa na rangi ya majivu, ing'arishwe. Nikamwambia agonge herufi zake. Akakataa, akasema yangu inatosha. Nikamshikisha nyundo mkononi.

"Gonga, Rajab."

Aligonga mara mbili, na mapigo yote mawili niliyaona yananishukia mimi.

Nilirudi nayo Bukoba, nikamkuta Deo uani, anangoja mzigo. Aliziona alama mbili, akazipitishia kidole. Nilimuuliza kwa nini alinificha miaka yote hii. Akasema, akiitazama krenki badala ya kunitazama mimi:

"Niliogopa ukijua utaacha kazi."

"Niache, nimwachie Rajab?"

Wateja niliowasingizia nimeanza kuwaita mmoja mmoja, na si kazi tamu. Nimejifunza kwamba miaka yote nilikuwa nafanya nusu ya kazi na kubeba sifa nzima. Wivu haujaniisha. Krenki inayofuata ya Deo ninaipeleka mwenyewe, nami nimemwomba Rajab nisimame pale tanurini tangu mlango unapofungwa hadi unapofunguliwa. Amekubali bila kusita, na hilo nalo limeniuma.