Cheti Chenye Jina la Mmoja

Ipo siku moja, mwanangu, mtoto wa dada yangu, ambayo kila nikiikumbuka nasikia aibu usoni, ijapokuwa niliowakosea walishanisamehe. Nimeikumbuka tena juzi uliponiambia kwamba wewe na rafiki yako Neema mnauza kahawa ya kusaga mtandaoni, jina limeanza kujulikana, na mnataka kulisajili kabla mtu hajaliiba. Mnafanya vizuri. Lakini keti kidogo, maana mimi jina langu liliibiwa, kisha nami nikageuka mwizi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeolewa hapa Mbinga. Wifi yangu Otilia, dada wa mume wangu, alikaa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, akikausha usipa, wale samaki wadogo wa ziwani. Wengi walimwaga samaki mchangani wakauke. Yeye alijenga vichanja vya matete kwa mikono yake, akaanika juu, kwa hiyo ukitafuna usipa wake hukutani na mchanga. Mimi nilikuwa na simu nzuri. Akinitumia mzigo, napiga picha naweka mtandaoni. Nilipomuuliza tuiite nini biashara yetu, alicheka. "Iite Kichanjani. Si ndiko wanakotoka?"

Watu wa Songea wakaagiza, hata wa Dar es Salaam. Siku moja mteja akanipigia kulalamika kwamba usipa wetu siku hizi una mchanga. Nikashangaa, maana sikuwa nimemtumia kitu. Kumbe mtu alikuwa amefungua ukurasa wenye jina letu, amechukua hata picha za wifi yangu akianika, anauza samaki wake. Nilipomwandikia, akanijibu, "Jina ni la kwako? Lete cheti." Sikuwa nacho.

Nikampigia Otilia. Akasema, "Nenda kaandikishe, wifi. Wewe ndiye unayejua mambo ya ofisi. Mimi nakuamini."

Nikaenda steshenari moja mjini, ambako mama mmoja alikuwa akisaidia watu kujaza maombi ya usajili kwenye kompyuta. Akaniuliza, "Biashara ni ya kwako peke yako au mna ubia?" Otilia alikuwa bado hajapata namba ya kitambulisho cha taifa. Ningeweza kusubiri. Lakini, nisikufiche, moyoni nilijisemea kwamba wateja wananijua mimi, simu ni yangu, yeye anaanika tu. Nikajibu, "Ya kwangu."

Cheti kilipotoka, nikamtumia yule mwigaji nakala pamoja na onyo kwamba jina limesajiliwa. Ukurasa wake ukatoweka. Nilijiona nimeshinda. Otilia alipopanda Mbinga nikamwonyesha. Alikisoma taratibu, akakigeuza nyuma, akauliza, "Mimi niko wapi hapa?"

Nikamwambia hayo ni ya karatasi tu. Akamaliza chai yake, akaaga, na tangu siku hiyo hakuniletea tena mzigo.

Miezi ikapita, nikaona ukurasa mpya: Kichanjani, Liuli. Otilia amenunua simu, anauza mwenyewe. Na mimi, mwanangu, nikachukua lile onyo nililomwandikia mwigaji, nikabadilisha jina la juu tu, nikamtumia wifi yangu.

Siku chache baadaye mama mkwe wangu alipanda kutoka Liuli, na miguu yake ile mibovu. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama." Akaitikia, lakini chakula hakutaka.

"Lete hicho cheti unisomee."

Nikasoma.

"Sasa nisomee palipoandikwa aliyejenga vichanja."

Nikakigeuza cheti nyuma, kama alivyofanya Otilia.

"Na palipoandikwa aliyelitoa hilo jina."

Nikaanza kujitetea, kwamba ndiyo sheria, serikali yenyewe ndiyo iliyonipa. Akanishika mkono, na sauti yake ikawa ya chini. "Serikali haina kosa, mwanangu. Imeandika ulichoiambia. Wewe umeiambia nusu. Nenda kamalizie iliyobaki." Hapo nikalia, naye akaniacha nilie, mkono wangu akiwa bado ameushika.

Kesho yake nikashuka naye. Tulimkuta Otilia akigeuza usipa, wala hakuacha kazi. Nikamwomba radhi palepale nimesimama.

"Nimekusikia, wifi," akasema. "Lakini nataka jina langu kwenye cheti. Nataka tuandikiane nani anafanya nini na nani anapata nini. Na neno la siri la ukurasa nilijue."

Nikakubali yote. Namba yake ilipotoka tukaenda pamoja kwa yule mama wa steshenari, tukajaza maombi ya mabadiliko, naye akaingia kama mbia. Hata hivyo mwaka mzima alileta mzigo na kuondoka bila kuketi. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza ndipo alipokuja na begi lake, akaniogesha na kunipikia uji wiki tatu. Sikumuuliza kama yamekwisha.

Basi sajilini hilo jina, mwanangu, wala msingoje mwizi awashtue. Tazameni kwanza kama hakuna aliyewatangulia kulisajili. Mjue pia kwamba usajili wa jina la biashara ni jambo moja, na jina au nembo mnayobandika kwenye pakiti huombewa ulinzi wake, kama alama ya biashara. Cheti kimoja hakifanyi kazi zote mbili. Ada zake mzilipe kwa wakati, na matangazo yenu ya mwanzo msiyafute, yataonyesha mlianza lini. Ila kabla ya hayo, kaeni wewe na Neema mwandikiane, mtie saini mbele ya shahidi. Siku ya kwenda, nendeni wote wawili. Akikuambia nenda tu, nakuamini, hapo ndipo umsubiri.

Mungu aibariki kazi yenu, awape wateja wema na ndimi za kweli. Na awatunze ninyi wawili, mama, zaidi ya anavyolitunza hilo jina.